Kadi ya Laddie Kucera

Laddie Kucera alikuwa fundi wa laini katika ushirika wetu wa simu kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo sikumwona akiandika kitu kwa hiari yake. Mimi nilikaa mapokezi. Nilipokea malalamiko ya watu, kisha namwita kwenye redio ya gari lake.

"Laddie, kwa akina Benes simu imekufa."

"Maji yameingia kwenye kebo pale darajani. Nipe nusu saa."

Nusu saa haijaisha, simu ya akina Benes inalia. Ukimwuliza amefanyaje, anasema ile jozi ya waya imeoza, amewapa nyingine. Namba ngapi? "Ninayo kichwani." Ofisini tulikuwa na kabati zima la kadi zinazosema kila nyumba imeshika jozi gani, na ukibadilisha jozi ulitakiwa ubadilishe kadi. Laddie alizidharau zile kadi kama padri anavyodharau kamari, na sisi sote tulimwachia kwa sababu simu zilikuwa zinafanya kazi.

Alikuwa mrefu, mwenye masikio mekundu, na ulimi wake ulikuwa mchungu. Mkewe Marcella alifariki mwaka 1992. Binti yao wa pekee, Renata, alikuwa akiishi mbali, theluji ikamkwamisha njiani, akafika makaburini mama yake ameshafukiwa. Kwenye chakula cha mazishi Laddie akamwambia mbele ya watu, sahani za maandazi ya jamu zikiwa mikononi mwetu, kwamba kama hakuweza kuwahi basi hakuwa na haja ya kuja. Renata aliweka sahani yake mezani, akatoka. Dolany, mji wetu, ni mdogo. Hilo neno kila mtu alilisikia, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfuata yule msichana hadi kwenye gari. Naona aibu mpaka leo.

Miaka miwili baadaye alianza kupiga simu, mara moja kwa mwaka, Jumatatu ya Pasaka, siku ambayo mama yake alikuwa akiwaalika majirani kula bata. Alizungumza dakika tatu, nne. Sharti lake lilikuwa moja: baba asimtafute. "Ukinitafuta, baba, sitapiga tena." Sasa mfikirie huyo mtu. Alikuwa na funguo za mtambo wa simu, unaoandika kila namba iliyopiga. Angeweza kuingia asubuhi ya Jumanne yoyote, akabonyeza vitufe vinne, akajua binti yake yuko wapi. Mtambo ulikuwa hatua kumi kutoka kwenye meza yangu, na kila Jumanne ya Pasaka aliupita akaenda kunywa kahawa.

Pasaka ya mwaka 2002 Renata alimwambia, "Mwakani nikipiga, labda nitakuja." Laddie aliniambia maneno hayo mara moja tu, akiwa ameangalia pembeni. Tangu hapo alipaka rangi chumba cha juu na akanunua pazia. Pazia lenyewe lilikuwa baya, na nilimwambia.

Mwaka huohuo kampuni ya simu za mkononi ilisimamisha mnara wake kando ya barabara kuu. Kufika Krismasi wateja mia mbili walikuwa wamerudisha simu zao za nyumbani, wengine wakizitupa mezani kwangu kama viatu vibovu. Meneja wetu, Milton Vavra, alituita ukumbini. Alisema kebo ya upande wa mashariki imeoza, kuibadilisha hatuwezi, na wenzetu wanauza hewa tupu na watu wanapanga foleni. Na sisi tutauza hewa. Kila nyumba ya mashariki itapewa kisanduku chenye antena, unachomeka simu yako ileile, namba yako ileile, na waya tunauacha ardhini.

"Mawingu yakishuka je?" Laddie aliuliza.

"Haya si mambo ya mawingu, Laddie."

"Nauliza tu. Kebo yangu haijawahi kuniuliza hali ya hewa."

Watu walicheka. Milton hakucheka. Alikuwa anatafuta mtu wa kumpunguza kazini, kila mtu alijua hilo, na vijana wa kandarasi waliokuja kuweka visanduku walikuwa watatu, wasiofikisha umri wa Laddie hata ukiwajumlisha. Wangefuata kadi. Milton akamwuliza mbele yetu, "Kadi zako ziko sawa?"

"Ziko sawa."

Hazikuwa sawa. Kwa wiki mbili nilimwona akibaki baada ya kazi na penseli sikioni, akizitoa zile kadi moja moja na kusahihisha yaliyokuwa kichwani mwake. Alisahihisha kadi sabini na kitu. Alipofika kwenye yake mwenyewe hakuivuta hata droo. Alijua iko sawa kwa sababu mimi nilimwambia iko sawa.

Hapa inabidi niseme. Mwaka 1997 dhoruba ya barafu iliangusha kila kitu, na Laddie akaunga kebo ya mashariki kwa vidole vilivyokufa ganzi. Akaunga jozi yake na ya jirani yake, mzee Sedlacek, kinyume. Badala ya kufumua upya, alizigeuza na huku ofisini, kila mmoja akabaki na namba yake. Aliporudi barabarani akaniita kwenye redio. "Arlene, andika. Kumi na saba sasa ni ya Sedlacek, kumi na nane ni yangu. Hii yangu naitaka iandikwe."

Nilikuwa na simu moja kila sikio na foleni mlangoni. Nilisema, "Nimeandika, mzee, fanya kazi." Sikuandika. Jioni nilikuwa nimeshasahau.

Kisanduku cha Laddie kilifungwa Alhamisi Kuu. Vijana walihamisha jozi ya kumi na saba kwenye kisanduku chake, kadi ikiwaambia hivyo, na ya kumi na nane kwenye nyumba ya Sedlacek. Waliinua simu, wakasikia mlio, wakaondoka. Lipo jambo ambalo Laddie alimfundisha kila fundi aliyepita kwetu, mpaka wakalichukia: mlio unakwambia waya uko hai, haukwambii ni wa nani. Unapiga namba ya kujipima, sauti inakusomea namba unayopigia, ndipo unafunga mkoba wako. Kwake hakupiga. Alikuwa ameapa kwamba hilo dude hataligusa, lifungwe na waliolileta. Siku zile tatu aliinua simu mara kadhaa, akasikia mlio, akaridhika.

Jumatatu ya Pasaka alioka bata. Alikaa kando ya simu tangu asubuhi mpaka giza likaingia, na simu haikulia.

Jumanne alikuja kazini amenyoa ndevu vizuri, macho yamemvimba. Nilimwuliza. Akasema, "Amebadili nia. Ana haki." Akachukua funguo za gari. Saa nne hivi alipita nyumbani kwake kuchukua jaketi, na simu ikalia. Alikuwa daktari wa mifugo akitafuta banda la nguruwe.

Banda la nguruwe liko pale kwa Sedlacek. Mzee Sedlacek alifariki mwezi wa kumi na mbili, mkewe alitangulia, na nyumba ilinunuliwa na kampuni ya nguruwe iliyomleta msimamizi kutoka Oklahoma, kijana anaitwa Cody Ramsey, asiyemjua mtu yeyote hapa. Laddie alimkatia daktari simu. Alipiga namba ya kujipima. Sauti ikamsomea namba ya Sedlacek.

Aliendesha gari hadi kwa Cody. Yaliyosemwa pale Cody mwenyewe alinieleza baadaye, akiwa ameshika kofia.

"Kuna mtu alipiga hapa jana?"

"Mmoja. Mwanamke. Nilishangaa hata namba hii mtu anayo."

"Alisemaje?"

"Aliuliza kama mzee yupo. Nikamwambia, pole dada, mzee wa hapa alifariki kabla ya Krismasi. Nyumba imeuzwa." Cody aliniambia Laddie alishika fremu ya mlango. "Akauliza alizikwa wapi. Nikamwambia sijui, mimi mgeni, lakini nasikia yuko pamoja na mkewe. Akalia. Nilimwambia pole tena. Nilikosea, mzee?"

"Hapana," Laddie akamwambia. "Hujakosea."

Alirudi ofisini akasimama mbele ya meza yangu. Hakupiga kelele, na bora angepiga. Alisema, "Fungua droo ya K." Nilifungua. Alitoa kadi yake akaisoma, kisha akaiweka mbele yangu kwa upole. Ilisema kumi na saba, kwa mwandiko wangu wa mwaka 1981.

"Uliniambia umeandika, Arlene."

"Nilikuambia."

"Mimi nami sikujipima." Alikaa kwenye kiti cha wateja. Nilimwona anazeeka pale, sijui niseme vipi, mabega yalishuka na hayakupanda tena. Kisha akasema, "Niangalizie. Jana, namba yangu. Nani alipiga."

"Ulimwahidi."

"Nilimwahidi nikiwa hai."

Nikaenda kwenye mtambo. Nikabonyeza vitufe vinne. Simu ilikuwa moja tu, saa tano na dakika ishirini asubuhi, dakika mbili. Nilitarajia namba ya mbali, Seattle, Florida, popote. Ilianza na tarakimu za huku kwetu. Nilipotafuta kwenye kitabu, ilikuwa simu ya sarafu katika kituo cha mabasi cha Omaha, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwenye bata aliyekuwa mezani.

Nilifikiria kumdanganya. Nilikuwa nimeshamdanganya mara moja, kwa neno moja, nikiwa na haraka. Nikampa karatasi.

Aliisoma. Akauliza, "Alikuwa amefika?" nikasema ndiyo. Akapiga kutoka kwenye meza yangu. Iliita muda mrefu sana, mpaka mtu akapokea, nikamsikia hadi nilipokaa: "Kituo hapa, hii simu ya barabarani, mzee wangu, unamtaka nani?" Laddie alimtaja Renata, urefu wake, nywele zake za miaka kumi na moja iliyopita. Yule mtu alimsikiliza mpaka mwisho, jambo la heshima, kisha akasema watu ni wengi.

Alikwenda Omaha mchana uleule na picha ya zamani. Niliomba twende wote, akaniambia nibaki na simu zangu. Nilikwenda makaburini badala yake, nikidhani nina akili, kwamba Renata ataenda kumtafuta baba yake pale alipozikwa mama. Nilikuta alama za viatu vya mwanamke kwenye matope na maua mapya ya dukani, na jiwe la Marcella lenye jina la Laddie pembeni yake, mwaka wa kuzaliwa umechongwa, mwaka wa kufa mtupu, maana sisi hupenda kuyalipia yote mapema, na mwaka wa mwisho huchongwa hata miezi mingi baadaye. Maua yalikuwa yamewekwa mawili mawili, upande wa mama na upande wa baba. Alipita hapa jana, au asubuhi ile ile, bila kumwuliza mtu yeyote, kwa sababu mara ya mwisho hakuna aliyemfuata.

Kurudisha zile namba mahali pake kulichukua dakika mbili. Laddie alistaafu kiangazi kile. Milton hakuhitaji kumsukuma. Kadi niliisahihisha kwa kalamu ya wino, na bado iko kwenye droo. Mtambo wetu huandika kila simu, na mimi huangalia. Kila siku saa kumi na mbili jioni namba ya Laddie hupiga namba ya kujipima, inasomewa namba yake, inakata. Zinazoingia ni zangu tu, nikimwuliza kama amekula.