Choo cha Chumba Namba Tatu

Mektrida alikulia Kilema, kwenye maji ya mfereji yanayoshuka kutoka msituni, maji laini ambayo sabuni ikiyagusa tu inatoa povu. Kwa miaka kumi na moja amesafisha vyumba katika nyumba ya wageni ya Mzee Eliamini, hapa Moshi mjini, na hajawahi kulaumiwa. Mwaka jana mzee alichimba kisima. Tangu hapo choo cha chumba namba tatu, kinachotumika kuliko vyote, kikaota utando wa kahawia, mgumu kama ganda la yai.

"Mama Stella, umezeeka au umechoka?" mzee alimuuliza Jumatatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ijumaa nina wageni wa harusi. Wakiukuta uchafu huu, Jumamosi nitatafuta mtu mwingine."

Stella, binti wa Mektrida, alikuwa amebakiza muhula mmoja chuo cha uuguzi, na ada ilitoka kwenye mshahara huu. Mektrida alisugua siku mbili kwa dawa ya klorini mpaka macho yakamtoka machozi, na utando haukubanduka. Nchi hii ina tabia mbaya, na sitaacha kuisema: mtu mwenye brashi mkononi huonekana kama ndiye aliyeuleta uchafu.

Jumatano aliingia jikoni na kumkuta Brenda, mpishi, akimwaga maji machafu kutoka kwenye birika. Vipande vyeupe vilidondoka navyo.

"Hivi ni vitu gani?"

"Chokaa ya kisima cha mzee. Kila wiki nachemsha siki humu, la sivyo mngekunywa chai ya kuta."

"Na mbona hukuniambia?"

"Chooni hatupiki chai, mama!"

Mektrida alicheka hadi akakaa chini.

Alhamisi asubuhi alivuta maji ya choo mara nne ili klorini yote iondoke, kwa sababu ikikutana na siki hutoa hewa inayochoma mapafu. Akafunga koki, akayasukuma kwa brashi maji yaliyobaki. Akalowesha vitambaa vikuukuu kwa siki, akavibandika juu ya utando, akaenda kufua mashuka. Saa nane alivibandua, akapaka chumvi na limau, akasugua. Ganda likalainika, likatoka vipandevipande. Chini yake palikuwa peupe.

Mzee akaja, akainama, akatazama.

"Kumbe ulikuwa unaweza!"

Mektrida alikwenda jikoni, akarudi na birika la pili, ambalo Brenda alikuwa hajalisafisha. Akafunua kifuniko.

"Na humu, mzee, nani alikuwa mvivu?"

Mzee akachokonoa ndani kwa ukucha. "Kwetu Machame sijawahi kuona maji yakiacha alama," alisema. "Nilijua ni uchafu tu."

Ijumaa, kabla wageni hawajafika, mzee alimkuta Mektrida kwenye kamba ya nguo. Mkononi alishika jani la isale alilolikata kwenye ua wake. Mchagga akikuletea jani hilo anakuomba radhi, na halikataliwi.

Mektrida alilipokea kwa mikono miwili.

"Yameisha, mzee. Ila uninunulie siki, dumu zima."

"Hata mawili, mama."

Akalichomeka jani kwenye kilemba chake, akaendelea kuanika mashuka ya harusi, huku akiimba.