Mgeni wa Bwawa la Tatu

Kazi ya Mama Mabwawa ilikuwa kupima majitaka ya mji, na tafadhali usicheke. Kila asubuhi saa moja kamili, buti miguuni, alizunguka mabwawa manne, akatumbukiza ufito wenye alama, akaandika kina kwenye daftari la zamu. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na safu ya “Mengineyo.” Wenzake waliandika “shwari,” wakaenda zao kunywa chai. Yeye, kwa miaka ishirini na mbili, aliandika ndege: wangapi, wa aina gani, wanafanya nini.

“Hapa kazini au bustani ya wanyama?” msimamizi alimtania.

“Safu ipo wazi, bosi. Nisipoijaza mimi, utaijaza wewe?”

Basi asubuhi moja, kwenye bwawa la tatu, akamwona mgeni. Mdogo, kijivu na mweupe, doa jeusi jichoni, anazunguka juu ya maji kama pia ya watoto, huku anadonoa. Mama Mabwawa aliwajua ndege wa pale kama anavyowajua mawifi zake, na huyu hakuwa wa kwao. Akachuchumaa, akahesabu mizunguko, akachora mdomo, akaandika saa. Kesho yake ndege hayupo.

Bintiye akapeleka habari makumbusho, akaja mtaalamu wa ndege, mwanamke mwenye miwani minene.

“Mama, unayemweleza ni ndege wa bahari za kaskazini kabisa. Huku hajawahi kuonekana. Picha ipo?”

“Simu yangu ni ya kupigia tu, mwanangu.”

“Bila picha, kamati ya ndege haitamwingiza kwenye orodha ya nchi.”

“Bata huyo,” msimamizi akachomekea. “Kalewa harufu!”

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mama Mabwawa aliumia, tena sana. Hakuwahi kuandika kina cha maji asiyoyapima, na leo, mwezi mmoja kabla ya kustaafu, anaonekana mzushi. Akabeba madaftari yote, akayatua mezani.

“Soma.”

Mtaalamu alifunua kwa adabu tu, kisha akavuta kiti. Pale mabwawani kosa halifutwi wala ukurasa hauchanwi. Linakatwa kwa mstari mmoja, likabaki linasomeka, na mwenyewe anatia saini. Katika daftari la miaka tisa nyuma akakuta herufi kubwa: “KORONGO MWEUSI! MGENI KABISA!” Zimekatwa. Chini yake: “Si mgeni. Ni yule yule mweupe wa kila siku, kajipaka tope. Nimejidanganya.” Saini.

Mtaalamu alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena, hakuwa anacheka.

“Kosa hili nani aliligundua?”

“Hakuna. Nani anasoma safu hiyo? Lakini si lilikuwa kosa?”

Mtaalamu akanakili kurasa mbili za kupeleka kwenye kamati: ya korongo kwanza, ya mgeni baadaye.

Barua kutoka makumbusho ilifika wiki ya mwisho ya Mama Mabwawa kazini. Msimamizi mwenyewe aliisoma kwa sauti, safari hii bila utani: ndege amekubaliwa, wa kwanza nchini, ameonekana bwawa la pili, shahidi mmoja wa kuaminika.

Mama Mabwawa alifuta machozi kwa kiganja, akaomba kalamu. Akakata “la pili” kwa mstari mmoja, akaandika “la tatu,” akatia saini, akairudisha makumbusho.