Mitego ya Mwalimu Bartolomayo

Ukimuuliza Mwalimu Bartolomayo Matonya habari za maisha yake, kwanza atataka kujua nani amekutuma. Kinanda cha kukanyaga alijifunza utotoni kwa mama mmoja mmisionari aliyempiga rula vidoleni kila alipokosea. Alipotoka mikononi mwake alikuwa anasoma muziki wa Wajerumani wa kale kama wengine wanavyosoma gazeti. Amefundisha sekondari miaka ishirini na minane, na hadi leo anaongoza kwaya ya kanisa lao Ipagala. Nyimbo alizotunga zimepita mia, zote za sauti nne.

Kilichomharibu ni kanda. Zamani, watu walipokuwa bado wananunua kanda, alisikia wimbo wake ukipigwa stendi. Akaomba aone jalada, akakuta jina la mtunzi ni la mtu mwingine. Siku hiyo hakula.

Tangu hapo nakala halisi za nyimbo zake zikalala kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ufunguo mfukoni mwake. Nakala alizowapa waimbaji zilikuwa na mitego. Katika kila sauti aliandika nota moja ya uongo, kisha akaichukua kila sauti peke yake nyuma ya kanisa na kuinong'oneza nota ya kweli. Alto hawakujua mtego wa tenor, wala besi hawakujua wa soprano. Kwaya ngeni ikiiba wimbo, itaimba makosa yote, isipokuwa katika sauti ya yule aliyewapelekea. Kwa hiyo Mwalimu hakutafuta aliyekosea. Alimtafuta aliyepatia.

Kwa mtindo huo alifukuza watu watatu. Mwaka huu, mwezi wa pili, akamfukuza Edina.

Edina alikuwa kiongozi wa alto kwa miaka ishirini na mitano, na Anitha, binti wa Mwalimu, amekulia mgongoni mwake. Kosa lake lilikuwa kipande cha wimbo kilichozunguka kwenye simu: waimbaji wa alto wa kwaya moja ya Chamwino wakifanya mazoezi ya "Umelima Vya Kutosha", na penye mtego wamepatia. Wimbo huo Mwalimu aliutunga kwa mazishi ya mama mkwe wake, ukaimbwa siku moja, akaufungia, na nakala ya alto akamwachia Edina peke yake.

"Faili la nyimbo," alimwambia Edina mbele ya watu wote.

"Mwalimu, naapa mbele ya Mungu sijampa mtu."

"Nimesema faili."

Nyumbani mkewe, Angelina, alimwambia siyo Edina. Akamjibu mambo ya muziki awaachie wenyewe.

Tamasha la kwaya lilipofika, Wachamwino walikuwa miongoni mwa wageni. Mwalimu alikaa benchi la mbele na penseli. Alikuwa ameshawaambia wazee wa kanisa kwamba leo atawathibitishia, na jina la Edina lifutwe kabisa.

Wakaanza. Alto ikapita penye mtego salama, naye akatikisa kichwa kwa uchungu wa kuridhika. Soprano nayo ikapita salama. Besi na tenor pia. Penseli ikatulia. Hakuna mwimbaji aliyeijua mitego yote minne. Nota zote za kweli zilikuwa sandukuni tu.

Halafu, karibu na mwisho, tenor ikashuka mahali ambapo yeye hakuwahi kuishusha. Sehemu ile ilimsumbua miaka kumi na hakuipatia dawa. Sasa imekaa sawa. Aliona wivu, akaona aibu kwa kuona wivu, na machozi yakamtoka.

Walipomaliza alimfuata Abeli, kiongozi wao. "Nakala mmeipata wapi?"

"Shikamoo Mwalimu. Kwani Mama Anitha hajakwambia? Alisema ni wimbo wa mazishi ya mama yake, anataka uimbwe kwao. Jina lako lipo, juu kabisa."

Nyumbani alimkuta Angelina barazani anapepeta mchele. Hakungoja salamu.

"Ufunguo wa sanduku ninao mimi," alisema Mwalimu.

"Na suruali zako anafua nani?"

"Lakini wewe nota huzijui!"

"Umefundisha watoto wa watu kwenye baraza hii miaka thelathini, mimi niko dirisha hilo la jikoni. Ulidhani masikio niliyaacha Chamwino?" Aliweka ungo chini. "Umemshuku Edina. Umemshuku mchungaji. Umemshuku hata fundi wa kinanda. Mimi hata siku moja. Hilo limeniuma, Baba Anitha."

Mwalimu alikaa kwenye ngazi.

"Na ile tenor?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ilikuwa inagombana na besi. Nikaishusha."

"Nyingine je? Umegusa ngapi?"

"Nenda kwanza kwa Edina. Faili lake ulimnyang'anya mbele ya watu, utamrudishia mbele ya watu. Ukirudi tutafungua sanduku."

Aliingia ndani, akatoka na faili kwapani. Alipofika getini aligeuka, akamtazama mkewe kwa lile jicho ambalo waimbaji wake wote wanalijua.

"Ngapi, Mama Anitha?"

Angelina aliinua ungo, akapuliza pumba, akaendelea kupepeta.