Faili Yenye Miezi Thelathini na Saba

Dada yangu alikuwa na usaili saa tisa alasiri. Kufika saa nne asubuhi programu ya vifurushi kwenye kompyuta yangu ilikuwa imeshaanguka mara sita.

Usaili wenyewe ulikuwa wa chuo cha ukunga, ng'ambo ya mpaka. Barua yao ilisema mwombaji akae mbele ya kompyuta, si simu, maana kutakuwa na karatasi ya maswali itakayofunguka pembeni huku akizungumza na walimu. Asiyeonekana kwa wakati ahesabiwe amejitoa. Dada alikuwa ameomba miaka miwili mfululizo na hii ndiyo mara ya kwanza waliyomjibu. Kompyuta nyumbani kwetu ni moja, yangu, na mimi ndiye niliyemwambia wiki nzima, kwa sauti ya mtu anayejua, "Hilo niachie mimi."

Asubuhi ile nilifungua programu ya mazungumzo ya picha kuijaribu. Ikaniambia toleo langu limezeeka, ikajifunga. Sikushtuka. Kwenye mfumo ninaotumia huhangaiki kutafuta programu huku na huku. Unaandika amri moja kwenye dirisha jeusi, na programu ya vifurushi inakwenda kwenye seva, inaleta kilicho kipya, inakipanga mahali pake na kuandika kwenye daftari lake la kumbukumbu kwamba imefanya. Niliandika amri. Ikahesabu, ikapakua hadi mwisho, nikatazama mstari ukijaa kwa raha. Halafu ikafa. Haikuomba radhi wala haikutoa sababu. Neno moja tu la kuanguka, na mshale ukarudi kunipepesea kana kwamba hakuna lililotokea.

Wanaonifahamu wanajua sina subira na kitu kisichokamilika. Naweza kuvua skafu na kuifunga upya mara nne kwa sababu ya mkunjo mmoja. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwenye mashine iliyokuja imetumika, herufi tatu hazipo, na kila nilichokijua nilikipata kwa kusoma mpaka macho yakawasha. Labda ndiyo maana nina dharau nyingi hivi. Aliyefundishwa huwa na mwalimu wa kumlaumu. Mimi sina, kwa hiyo nalaumu dunia.

Kwanza nililaumu majukwaa ya intaneti. Niliweka tatizo langu hapo kwa adabu zote, na kila nilichojaribu, kwa mpangilio. Wa kwanza kunijibu aliuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Wa pili alisema mfumo ninaotumia ni wa watoto, nihamie anaoutumia yeye. Wa tatu alileta jibu refu sana, zuri sana, la tatizo jingine kabisa. Wa nne akamshukuru wa tatu.

Kisha nikamlaumu fundi wa sokoni. Huyu anatengeneza simu chini ya mwavuli karibu na wauza mirungi, na mama alisisitiza nimpigie. Nilimweleza kwa Kisomali, polepole. Hakuningoja nimalize.

"Piga fomati," akasema.

"Hujasikia bado kosa ni nini."

"Kosa lolote, walaal, ndugu yangu. Piga fomati."

Nikakata simu. Huyu angekuwa daktari, kila aumwaye jino angekatwa kichwa.

Nikarudi kwenye yangu. Nilifuta akiba ya vifurushi vilivyopakuliwa, nikapakua upya. Ikaanguka. Nilibadilisha seva. Ikaanguka. Nilikagua nafasi ya diski, ilikuwepo tele. Nilifungua daftari la kumbukumbu, na hapa nataka kusema ukweli ingawa unaniuma: jibu lilikuwa pale, limekaa mbele ya macho yangu. Kila mstari wa mwisho ulikuwa umekatika mahali pale pale. Ulisema: *Jumanne, 10 Mwongo wa tha*. Basi. Nikautazama mara tatu. Nikasema, diski imechoka.

Diski haikuwa imechoka.

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi niliyoiona kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya. Unapoweka mfumo unaulizwa lugha na nchi. Ukichagua Kiswahili, unapewa Kenya, unapewa Tanzania. Ukichagua Somalia, unapewa Kisomali. Kisomali ni lugha yangu pia, ndiyo ninayonunulia na kugombania sokoni, sina kinyongo nacho. Lakini Kiswahili cha Somalia hakimo. Katika orodha ndefu ile, yenye visiwa ambavyo sijui kama vina watu, sisi wa pwani hii hatumo. Nilikereka kama mtu aliyesahauliwa kwenye karamu ya jirani.

Basi nikaandika faili yetu mwenyewe. Faili ya namna hii huiambia mashine siku zinaitwaje, miezi inaitwaje, na tarehe huandikwa vipi. Mtu mwenye akili angechukua ya Kenya, akabadilisha jina la nchi, akaenda kula. Mimi nilitaka ikamilike. Nikampigia mjomba wangu wa kisiwa cha Chovai, seremala wa vyombo vya baharini, nikamwomba anihesabie miongo. Watu wake hawahesabu mwaka kwa Januari na Februari. Wanauanza Siku ya Mwaka na kwenda nao kumi kumi: mwongo wa kumi, wa ishirini, wa thalathini, hadi mia tatu na sitini, kisha zinabaki siku chache za kufungia. Kwa hesabu hiyo wanajua lini bahari inafunga na lini chombo kipandishwe kipakwe sifa, yale mafuta ya papa. Nikaandika yote thelathini na sita, na zile siku za mwisho nikazipa jina la thelathini na saba. Nikayapachika mahali pa miezi.

Faili inataka majina kumi na mawili. Programu ya kuijenga iliniambia hivyo. Ilikataa, ikanionyesha mstari wenye kosa. Lakini ipo alama moja ndogo unayoweza kuongeza, maana yake: nimesikia, jenga hivyo hivyo. Nikaiongeza. Ikajenga. Nikatembea nyumba nzima siku ile kama bibi harusi.

Sikukumbuka lolote katika haya saa nne asubuhi, wala saa sita. Saa saba baada ya swala mjomba aliingia, amekuja mjini kununua misumari, mkononi ana mfuko wa samaki changu kwa mama. Ananuka sifa hata akiwa ameoga. Alikuta dada amekaa kitandani amevaa buibui jipya, anakariri hatua za kuzalisha, na mimi nimeinama kwenye kioo.

"Mchu mzima anapigana na sanduku," akasema kwa lafudhi ya kisiwani kwao. "Nani anashinda?"

"Mjomba, si sasa."

"Basi sanduku linashinda."

Dada akacheka, cheko la mtu aliyeanza kuogopa. Tangu asubuhi hakuwa ameniuliza chochote, na kutouliza kwake kulikuwa kunanitoboa mgongo.

"Nionyeshe ile miongo yangu," mjomba akasema. "Nimekuhesabia nusu siku nzima, hata kuiona sijaiona."

Nilitaka aondoke, kwa hiyo nikaandika amri ya tarehe. Ikatokea: *Jumanne, 10 Mwongo wa thalathini*.

Mjomba akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Thalathini?"

"Ndiyo."

"Mama wee, thalathini ilipita tangu kaskazi haijaota meno. Leo tuko mia mbili na thalathini. Hii mashine yako imelala miezi mingapi?"

"Haijalala. Huu ni mwezi wa tatu, na imechukua jina la..."

Imechukua jina la tatu. Ilikuwa imebeba majina kumi na mawili ya kwanza, kila mwezi jina moja, yaliyobaki imeyamwaga. Na jina lenyewe lilikuwa refu, refu kupita jina lolote la mwezi ambalo mwandishi wa programu ya vifurushi aliwahi kulifikiria. Nadhani alitenga nafasi finyu ya kuandikia tarehe, na majina yangu yakafurika. Mpaka leo sijathibitisha. Ila nililifungua tena daftari la kumbukumbu, nikausoma ule mstari uliokatika, *Mwongo wa tha*, na masikio yangu yakapata moto.

"Nini?" dada akauliza.

"Nimelijua tatizo."

"Alhamdulillah. Basi litoe."

Ilikuwa saa nane kasorobo. Hapa ndipo pa kuona haya, na sitapapunguza.

Ilikuwepo njia ya haraka. Neno moja mbele ya amri linaiambia programu: kwa kazi hii usitumie lugha ya mtu yeyote, tumia ile kavu ya mashine. Nililijua neno hilo. Lakini kulitumia ningekuwa nimekubali kwamba faili yetu ndiyo kosa, na kwamba ile orodha isiyo na sisi ilikuwa sawa bila sisi. Kwa hiyo badala ya kuandika neno moja, nikafungua faili na kuanza kuirekebisha. Nitafupisha majina. *Mw. 10. Mw. 20.* Nikajenga, ikakataa. Nikasogeza alama za mkato, nikajenga, ikaanguka. Nikaandika upya sehemu ya siku ambayo haikuwa na kosa lolote, kwa sababu mpangilio wake haukunipendeza. Naapa, saa nane na nusu nilikuwa nanyoosha nafasi pembezoni mwa mistari ambayo hakuna binadamu atakayeiona.

Mama aliweka bajiya pembeni yangu, zikapoa. Mjomba akala tatu. Dada alikuwa ameacha kukariri.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Narekebisha."

"Unarekebisha mashine au unarekebisha ile kitu yako?"

Nikasogeza mstari mwingine.

"We, nitazame. Kuna njia nyingine?"

"Ipo."

"Ya muda gani?"

"Kuandika, dakika. Kuweka, kama robo saa."

"Na umeijua tangu lini?"

Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro kumi na mbili. Mjomba, aliyekuwa akinyoosha mkono kwenye bajiya ya nne, akaurudisha.

"Tangu saa nane kasorobo," nikasema.

Hakupiga kelele. Angepiga ningejitetea, nina hoja nyingi. Aliinama tu akaanza kuvaa upya kiatu alichokwisha kukivaa.

Nikaandika neno lile, kisha amri. Programu ikapita mahali pote ilipokuwa ikifia, ikaandika tarehe yake kwa Kiingereza kikavu na kuendelea, bila kujali. Vifurushi vilikuwa vingi. Mstari ulijaa polepole, kama mzee wa nyonga mbovu apandaye ngazi. Saa tisa ikafika ukiwa haujamalizika. Saa tisa na dakika tano dada akaketi mbele ya kioo, nikamsogezea kamera, nikatoka na kushusha pazia nyuma yangu. Nikakaa chini ukumbini, mgongo ukutani, mkono mdomoni.

Nilimsikia mwalimu kabla ya kumsikia dada. Sauti ya mwanamke, kavu.

"Umechelewa dakika sita. Tulikuwa tunakufuta."

"Naomba radhi, mwalimu. Mtandao wa huku kwetu."

"Sawa. Tuanze."

Mtandao siku ile ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Haukukatika hata mara moja, na dada alijua. Angeweza kusema aliyemchelewesha ni mdogo wake. Mjomba alinitazama kutoka upande wa pili wa ukumbi, akafuta mafuta ya bajiya vidoleni.

"Mtandao una dhambi nyingi," akasema kwa sauti ya chini. "Leo umeongezewa."

Walimchukua. Hakuniambia yeye, nilisikia kwa mama. Wiki mbili nzima alizungumza nami kuhusu chumvi, maji na funguo tu. Siku ya kuondoka alinipa buibui lake la zamani akaniambia nisilipige pasi kama mwehu. Nimelichukulia kuwa ni msamaha, ingawa sijathubutu kuuliza.

Watu wa jukwaani niliwaandikia sababu ya kweli, ili mwingine asipoteze siku. Yule wa kwanza akajibu kwamba ningezima na kuwasha ningeliona mapema.

Faili yetu ninayo. Kiswahili, Somalia, imeandikwa hivyo juu kabisa, na inafanya kazi bila kulazimishwa. Ina miezi kumi na miwili, mifupi, ile ile ya kila mtu. Miongo nimeiandika kwa mkono kwenye karatasi, nimeibandika ukutani juu ya meza, na imepinda kidogo upande wa kushoto. Nimeiacha hivyo kwa siku tisa sasa.

Mjomba hupiga simu kutoka kisiwani. Haulizi habari za mtu.

"Sanduku linasemaje leo?"

"Linasema Aprili, mjomba."

"Aprili!" husema, vile asemavyo akiona ubao ulioliwa na mchwa, na hukata simu.