Moto Niliowasogezea Wageni wa Posa

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni mtu wa Makete, na kwetu baridi ikiingia, mgeni anasogezewa moto wa kuni kabla hata hajaulizwa habari.

Ijumaa iliyopita tulikuwa kwenye nyumba ya shamba ya bosi wangu, Bi Zuwena, nje kidogo ya Maskati. Wakaja kina mama kumposa binti yake. Baridi ya kwanza ya mwaka ilikuwa imeingia, nao wamejikunyata kama vifaranga. Bi Zuwena alipokwenda jikoni kuchukua kahawa, nikachota makaa ya kuni nje, nikayatia kwenye chetezo, nikarundika juu vijiti vikavu vya kwenye kisanduku cha kabatini. Nikampitishia kila mmoja. Moshi ulinukia, mwenyewe nikajisifu!

Wakatazamana. Wakainuka wote, wakaondoka.

Bi Zuwena akarudi na kahawa yake. "Wageni wangu wako wapi? Nani kawapitishia udi? Huku udi ukishapita, mgeni keshaambiwa aende zake!"

Binti alishatoka mbio, pekupeku, kulifukuza gari la wageni. Mimi nimesimama mlangoni, nimekumbatia mzigo wa kuni.

"Mama, nilikuwa nakuja kuwaongezea."