Bi Pini Atafuta Kinepali

Wateja humwita Bi Pini kwa sababu hushona huku kabana pini midomoni, na akitaka kukugombeza huzitoa kwanza, moja moja, nawe unasubiri. Mwanawe wa pekee alikwenda kufanya kazi ng'ambo, akaoa Mnepali, wakaenda kuishi kwao mke. Mjukuu ana miaka minne na hajui lugha nyingine ila Kinepali. Kila Jumapili wakipigiana simu ya video, bibi humtazama mtoto, mtoto humtazama bibi, kisha mtoto hukimbia zake. Hilo lilimuuma Bi Pini kuliko sindano ya kuingia ukuchani.

"Nitafutie programu ya Kinepali," alimwambia binti wa kaka yake. "Nataka huyu mtoto akae."

Programu ya kwanza ilikuwa na lugha chungu nzima, Kinepali hamna.

"Chukua Kihindi, shangazi. Zinakaribiana."

"Hata mimi na jirani tunakaribiana. Ndiye bibi yake?"

Ya pili ilikuwa ya wapanda milima. Bi Pini akajua kukodi chumba na kuulizia njia ya kileleni, mambo ambayo mtoto wa miaka minne hana shughuli nayo. Ya tatu ilianza na herufi, akasinzia nazo. Mwishowe wakapata video za watoto wadogo: mnyama anatokea, jina lake linatajwa, basi. Binti wa kaka alicheka. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Bi Pini akaiegemeza simu kwenye cherehani, akawa anaitikia majina ya wanyama wateja wakisubiri nguo zao.

Jumapili akainua pazia la chumba cha watoto alilokuwa akilishona, lenye picha za wanyama. Akamwonyesha mjukuu mbwa, na kwa kujiamini kabisa akasema, "Biralo!" Yaani paka.

Mtoto alikuwa keshageuka aondoke. Akasimama.

"Kukur!" akamsahihisha, akacheka mpaka akakaa chini.

Bi Pini aliona haya, masikio yakamwaka moto. Mazoezi yote yale!

"Mama," mwanawe akasema, "anataka ukosee tena."

Bi Pini akamtafuta ng'ombe kwenye pazia. Jina lake, gai, alikuwa amelishika barabara. Wateja wote ni mashahidi. Akamsogeza ng'ombe mbele ya simu, akakunja uso, akafikiri sana.

"Biralo," akasema.