Tumbo Lililojishona

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma sekondari hapa Bukavu, na nilikuwa msichana wa haya kiasi kwamba mwalimu akiniita ubaoni, chaki ililowa jasho mkononi. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimepasuliwa kwa ajili ya kidole tumbo. Kovu lilifunga vizuri. Maman aliwaonyesha wageni kana kwamba ni yeye aliyelishona.

Kisha tumbo likaanza kunivuta. Jumatatu kidogo, Jumanne zaidi, na tangu Jumatatu hiyo sikwenda choo wala kutoa hata upepo. Sikumwambia mtu. Ningesemaje jambo kama hilo katika nyumba ya vyumba viwili, papa amekaa pale?

Jumatano jirani yetu, maman mmoja mjane aliyeuza maji matamu ya ndizi mlangoni kwake, aliniletea kikombe. Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakuna kitu ndani. Yeye hakuonja. Alikuwa ameng'olewa jino asubuhi, shavu limevimba, kitambaa mdomoni kina damu. Aliona vibaya kunichafulia kikombe. Nikanywa kwa heshima. Kabla ya chakula cha jioni nilikuwa chini, natapika maji ya kijani.

"Alionja?" akauliza mama mudogo, mdogo wake maman, ambaye alikaa nasi.

Nikatikisa kichwa.

"Hakuonja! Munasikia? Mutoto amekunywa sumu!"

Nilipaswa kusema palepale kwamba maumivu yalikuwa na siku tatu. Lakini ningeulizwa habari ya choo. Nikafumba macho. Mama mudogo akachemsha majani ya kutapisha sumu, akaninywesha bakuli zima, tumbo likazidi kukaza. Asubuhi maman na mama mudogo walikuwa wamefikisha habari kwenye bomba la maji. Wanawake walizifunika ndoo zao yule mjane alipokuja, na siku hiyo hakuuza hata chupa moja.

Papa hakuamini majani. Alivaa abacost, suti yake ya ofisini, akanipeleka hospitali. Docteur alibonyeza tumbo, akaliangalia kovu kwa muda, akanipitisha mpira puani, akanitundikia maji na kukataza chakula chote. Siku ya pili usiku tumbo likafunguka lenyewe.

Kesho yake maman na mama mudogo walikuwa kando ya kitanda. Docteur akamwambia maman:

"Sikiliza, maman. Kisu kikipita, nyama yenye kuumia inatuma wajumbe ndani ya damu. Wako wadogo sana, macho hayawaoni. Wanaita: kujeni, hapa kumebomoka! Mafundi wanakuja na nyuzi za kuziba. Ni vizuri, bila hao kidonda hakifungi. Lakini nyuzi zile zinapaswa kuyeyuka kisha siku chache. Kama wajumbe wanaendelea kupiga kelele, nyuzi zinabaki, zinageuka kovu, zinafunga utumbo na ukuta wa tumbo. Siku moja utumbo unajikunja pale, hakuna kitu kinapita. Tunaita adhérences."

"Kumbe tumbo lilijishona lenyewe?"

"Njo vile. Lilitaka kupona, likazidisha."

Nililionea huruma tumbo langu. Lilikuwa limejitahidi sana kwa ajili yangu.

"Lakini docteur," akasema mama mudogo, "ule mwanamuke hakuonja."

Docteur akanigeukia. "Maumivu yalianza lini?"

Chumba kilikuwa na vitanda sita, vyote vina masikio.

"Jumatatu," nikasema.

"Na choo?"

"Jumatatu pia."

"Usisikie haya, mutoto!" akacheka bibi mmoja wa kitanda cha pili. "Miye niko na siku tano!"

Maman hakucheka. "Jumatatu? Na weye uliniacha nimuseme mwenzangu?"

Niliporudi nyumbani maman alikwenda kwa mjane peke yake kumwomba radhi. Asubuhi nikaenda mwenyewe, mkono juu ya tumbo. Nilimkuta nje anaosha chupa.

"Weye ulijua?" akauliza.

"Njo, maman, nilijua. Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya choo."

Akaniangalia. "Watoto wangu walitemewa mate kule bombani juu ya choo yako."

Nikalia. Aliniacha nilie, akaosha chupa tatu, nne. Kisha akasukuma kigoda kwa mguu.

"Usisimame vile, tumbo itavuta. Kaa, osha hizi."

Nikaosha. Mwanamke wa kwanza alipita bila salamu. Wa pili alisimama, akaniangalia, akaangalia chupa mkononi mwangu, akaniuliza kama nimepona. Nikasema kwa sauti, wa nyumba ya pili nao wasikie, kwamba ni kovu la zamani lililoniuguza. Akanunua chupa mbili.